Kifaa Kimo Ndani ya Basi, Taarifa Ni za Nani?

Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo la abiria yaligongana na kuteketea kwa moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha, wengi wakiungua kiasi cha kutotambulika. Taifa liliomboleza. Hata hivyo, msiba huo unatudai pia jibu la kisheria: taarifa zinazozalishwa na gari la abiria ni mali ya nani, na ni nani anayewajibika kuzitumia kuokoa maisha?

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inasimamia mfumo wa kufuatilia mienendo ya mabasi, maarufu kama VTS. Kifaa hutambua kwa setilaiti mahali basi lilipo, hupima mwendo, kisha hutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Mwenye basi hugharimia, kampuni binafsi hufunga kifaa, kampuni ya simu husafirisha taarifa, nayo mamlaka hubaini dereva aliyezidisha mwendo. Katika mnyororo huo abiria, ambaye uhai wake ndio sababu ya yote, hana pa kushika.

Kumwadhibu dereva ni jambo jema, lakini halitoshi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo hulazimika kuwa na mfumo wa eCall, ambao hupiga namba 112 wenyewe ajali kubwa inapotokea. Mwenye gari anaweza kununua huduma ya kampuni akipenda, ila ile ya 112 ni haki yake bila malipo, na sheria inakataza gari kufuatiliwa muda wote kupitia mfumo huo. Marekani ilijifunza kwa njia nyingine: mitandao ya 3G ilipozimwa mwaka 2022, baadhi ya magari yalipoteza huduma ya dharura ilhali wenyewe wangali wanayamiliki.

Kwetu, leseni ya kutoa huduma hii ibebe masharti matatu. Kwanza, ishara ya ajali iwafikie papo hapo zimamoto, polisi na hospitali ya karibu. Pili, kumbukumbu za safari zihifadhiwe hata kampuni ikifilisika au kunyang'anywa leseni, na wafiwa na majeruhi waweze kuzidai. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imlinde dereva na abiria dhidi ya biashara ya taarifa zao. Tena masharti hayo yasiishie barabara kuu; yazifikie pia gari zinazopanda Chome na Mbaga, ambako mabonde yanaweza kukata mawasiliano.

Wapare wana ndiva, mabwawa ya kuhifadhia maji ya mifereji, ambayo maji yake hugawiwa kwa zamu chini ya usimamizi wa jamii. Anayefungua lango la ndiva huwajibika kwa wenye mashamba. Anayeshika taarifa za uhai wa abiria hastahili kuwajibika kwa pungufu ya hapo.