Sumaku ya kuacha sigara, na dawa je?

Wadau, mnaijua ile mashine ya sumaku inayosisimua ubongo bila upasuaji? Ilizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu aina yake moja isaidie wavutaji kuacha sigara, na watafiti wameijaribu pia kwa wenye skizofrenia, ambao wengi wao ni wavutaji sugu. Safi sana! Ila kuna jambo linanikera. Moshi wenyewe (si nikotini) hulifanya ini livunje dawa ya klozapini haraka. Mgonjwa akiacha sigara, dozi ileile inageuka kubwa mno, hata anaweza kupata kifafa. Sisi maprogramu tungesema umebadilisha kodi bila kuangalia kinachoitegemea. Mimi ningetaka kipimo cha damu kipangwe kabla mashine haijawashwa.