Kuchora kwa Kompyuta Katika Umri wa Makamo

Walimu wengi wa shule za msingi walio kazini leo walihitimu wakati ambapo vyombo vya kuchorea vilikuwa chaki, ubao na karatasi ya manila. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, serikali ya Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyokuwa vimetumika kuhesabu watu. Hivyo mwalimu wa miaka arobaini na mitano au hamsini, ambaye hajapata kuchora ila kwa chaki, aweza leo kujikuta na chombo kiwezacho kutoa picha ya rangi, kuihifadhi, kuirekebisha mwakani na kumpatia mwenzake nakala. Pamoja na hayo, chombo hicho aghalabu hutumika kusoma na kutuma taarifa tu. Kuchora huachiwa vijana.

Wanachuo wasomao makala haya ndio vijana hao. Wakifika shuleni wataombwa kuwaelekeza walimu waliowatangulia, na hapana chuo kiwafundishacho vya kutosha namna ya kumfundisha mtu aliyewazidi umri. Sisi twaamini kwamba mtu wa makamo aweza kujifunza kuchora kwa kompyuta tangu mwanzo kabisa, na kwamba kinachomzuia si umri wala ugumu wa vidole, bali ni namna anavyofundishwa.

Watakuwapo watakaotukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli katika malezi ya tabia, lakini haikutungwa kumfungia mtu mzima mlango wa ufundi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka thelathini, bila kusomea sanaa popote. Alitumia rangi za baiskeli na vipande vya mbao laini za kiwandani, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Alifariki mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache aliacha mtindo wa uchoraji unaojulikana duniani kwa jina lake.

Katika uchoraji wa kompyuta wenyewe, mfano ulio wazi ni wa Tatsuo Horiuchi wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1940. Yeye alianza mnamo mwaka 2000, wakati wa kustaafu. Hakutaka kutumia fedha kununua programu za kuchorea, nayo kompyuta yake tayari ilikuwa na Excel, ambayo alikuwa amewaona wenzake wakichorea grafu. Akawaza kwamba chombo kiwezacho kuchora grafu hakishindwi kuchora mti. Akaanza kupanga maumbo madogo madogo yaliyotiwa rangi, moja juu ya jingine, hata yakawa milima, miti na maua ya mcheri. Mwaka 2006 alishinda mashindano ya uchoraji wa Excel. Yafaa tutazame mambo mawili hapo. Kwanza, kati ya kuanza na kushinda ilipita miaka sita. Si miujiza, ni mazoezi. Pili, Excel ndiyo programu ile ile ambayo walimu wetu huitumia kujumlisha alama za mitihani.

Kabla ya kumwelekeza mtu mzima, hapana budi kwanza kutambua ni mwanzo wa aina gani anaouanza, kwani wanaoanza hawafanani. Yuko ajuaye kuchora lakini ni mgeni wa mashine. Mchoraji wa Uingereza David Hockney alianza kuchora kwa iPad mwaka 2010, akiwa na zaidi ya miaka sabini. Mtu kama huyo hahitaji somo la kivuli na mwanga, atosheka kuonyeshwa brashi iko wapi. Yuko ajuaye mashine lakini hajawahi kuchora. Huyu ahitaji kufundishwa kutazama vitu. Na yuko asiyejua hili wala lile. Kosa la waelekezaji wengi ni kuwapa wote watatu somo moja: huyu huchoka kwa kusubiri, na yule huachwa njiani.

Mfano wetu na uwe wa yule wa tatu, maana ndiye aliye mgumu zaidi. Somo lake la kwanza lisiwe kuchora, liwe kutendua. Aonyeshwe alama ifutayo tendo la mwisho, kisha aambiwe achore mikwaruzo yoyote na kuifuta, mara kumi au ishirini. Mtu mzima akishika kifaa kigeni huogopa kukiharibu, na hofu hiyo humkaza mkono. Akisha kuona kwamba hakuna mstari usiofutika, mkono hulegea wenyewe.

Somo la pili liwe na kazi inayongojewa. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wazima hawakukusanywa kujifunza kwa ajili ya kujifunza tu. Walijifunza kuhusu vyoo, maji safi na mazalio ya mbu, wakarudi nyumbani kuchimba na kufyeka. Vivyo hivyo mwalimu wa makamo asipewe mazoezi ya mistari isiyo na mwisho. Apewe kuchora kitu atakachokifundisha juma lijalo. Tuseme nzi, kwa somo la Sayansi.

Hapo aanze na maumbo, wala asianze na mistari ya kuchora kwa mkono. Duara dogo ni kichwa; duara jingine ni kifua; duaradufu ni tumbo. Kompyuta huyatoa maumbo hayo yakiwa kamili, hata kwa mkono unaotetemeka. Kisha achore miguu mitatu ya upande mmoja, ainakili, na aigeuze upande wa pili. Mabawa ayaweke katika tabaka lake peke yake. Neno hili tabaka huwatisha wengi, lakini mwalimu aliyewahi kuweka karatasi nyepesi juu ya ramani ili ainakili amekwisha kulielewa: ni karatasi inayoonya, iliyolazwa juu ya nyingine. Akilificha tabaka la mabawa, wanafunzi wataona sehemu zilizofunikwa. Akilirudisha, nzi atakamilika.

Katika kazi hiyo ndogo mwalimu hujikuta akijiuliza maswali ambayo hapo awali aliyapita. Miguu yatoka wapi? Yote sita yatoka kifuani, wala hakuna hata mmoja utokao tumboni. Mabawa ni mangapi? Nzi ana mawili, nyuki ana manne. Asiyechora aweza kufundisha wadudu miaka ishirini bila kulazimika kuyajibu. Achoraye hawezi kumaliza picha kabla hajayajibu.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba, maadamu sasa iko akili mnemba iwezayo kutoa picha kwa kuandikiwa maneno machache, kazi ya kujifunza kuchora imekwisha. Hatumkatazi mwalimu kuitumia. Lakini picha ya mashine huja na makosa yaliyopambwa vizuri: mdudu mwenye miguu minane, au miguu iliyoota tumboni. Aliyewahi kuuweka kila mguu mahali pake huliona kosa hilo mara moja. Asiyewahi huipeleka picha darasani kama ilivyo, na watoto huiandika katika madaftari kuwa ndiyo kweli.

Wengine watasema kwamba umeme hukatika, kwamba kishikwambi kimoja hakiwezi kuonwa na darasa la watoto themanini, na kwamba chaki yatosha. Hoja hizi zina uzito, wala hatuzidharau. Lakini kuchora hakuhitaji intaneti, na programu kama Krita, GIMP na Inkscape hupatikana kwa kompyuta bila malipo. Picha iliyokamilika yaweza kuchapwa, au mwalimu aweza kuitazama na kuinakili kwa mkono juu ya manila. Chaki haifukuzwi, yapata kielelezo cha kufuata.

Limebaki jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni la adabu. Kijana wetu amelelewa kumpokea mkubwa mzigo. Mwalimu wa makamo anapokwama, anapotafuta rangi na asiione, kijana huinuka kwa heshima na kusema, ‘Lete Mama, nikusaidie,’ akakichukua kishikwambi na kuimaliza kazi kwa dakika moja. Mama hushukuru. Kesho yake hurudi na tatizo lile lile, na safari ya tatu haji tena, kwa kuwa amekwisha kuamini kwamba mambo hayo ni ya wengine. Hapo hakuna aliyekosa adabu, na bado mtu amenyimwa elimu. Kumpokea mtu mzima mzigo ni heshima. Kumpokea somo lake ni kumpokonya.

Twashauri, basi, kwamba mwelekezaji aketi kando na mikono yake aiweke magotini. Aseme kwa mdomo: ‘Tazama upande wa kulia, Mwalimu, hebu iguse ile ya tatu.’ Angoje, na angoje tena. Ukimya wa dakika mbili humwudhi kijana, lakini kwa anayejifunza ndio wakati wa kufikiri. Wala asimsahihishe mbele ya wanafunzi au mbele ya walimu wenzake. Mtu mzima hustahimili kutojua, ila hastahimili kuaibishwa. Na picha yake ya kwanza, hata ikiwa nzi wake amenenepa kama tembe la mkate, itundikwe darasani ikiwa sehemu zake ni sahihi, ifanye kazi iliyokusudiwa.

Wanachuo watakaolizoea jambo hili watagundua kwamba wamejifunza ualimu wenyewe, maana mtoto wa darasa la kwanza ashikaye penseli kwa mara ya kwanza naye hunyang'anywa kazi yake vivyo hivyo na mtu mwenye haraka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wala hakuna awezaye kumwinamia mwenzake. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mahali chenyewe kilipo, kumshikia taa, na kuwa na subira mpaka akitoe kwa mkono wake.