Mazoezi ya mapafu kwa simu: Nyantende itaweza?

Mgonjwa anamaliza miezi 6 ya dawa za tuberkulozi, za bure, anaambiwa amepona. Lakini akipanda kilima na bidoni ya maji, pumzi inakata. Ugonjwa umeondoka, kovu limebaki kwenye mapafu. Kuna pia wamama ambao hawajaugua TB hata siku moja: wao wamemeza moshi wa makala na kuni miaka na miaka.

Wengi, pumzi ikikata, wanakaa tu. Na wakikaa, miguu inalegea, kesho pumzi inakata mapema zaidi. Kinachosaidia ni mazoezi yanayofuatiliwa na munganga: kutembea, kusimama na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, kuinua chupa ya maji, kutoa pumzi polepole kama mtu anayepuliza moto wa makala. Huko Kampala, Uganda, walijaribu na watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na TB, wiki 6, mara 2 kwa wiki. Matokeo yaliyotoka 2017 yalionyesha kwamba walitembea mbali kuliko mwanzo.

Sasa mtu wa Nyantende ahesabu: safari 12 za moto kwenda Bukavu, na kurudi 12. Shamba nani atalima?

Ndiyo maana simu inavutia. Mwaka 2021, wachunguzi wa Cochrane waliunganisha tafiti 15 zenye wagonjwa 1.904, karibu wote wa ule ugonjwa munganga anaandika BPCO. Waliofuatiliwa kwa mbali walipata faida karibu sawa na waliofika hospitalini, na 93 kwa 100 walimaliza. Wa hospitalini, 70. Ni kweli, wengi ni wa nchi tajiri, wenye moto usiokatika. Lakini si lazima video. Simu ndogo ya kubonyeza inatosha kumuuliza mtu: umetembea dakika ngapi, umechoka namna gani?

Siku ya kwanza tu ndiyo haiwezekani kwa simu. Lazima mgonjwa aonwe: TB imeisha kweli? Moyo uko sawa? Kidude cha kidoleni kinaonyesha oksijeni ngapi akitembea? Hiyo inaweza kufanyika hapo hapo hopitali ya Nyantende, bila kushuka mjini.

Kisha kuna swali la unite. Mgonjwa akiachiwa kupiga yeye, hatapiga. Anayepiga awe ni munganga au muguuzi, siku na saa zijulikane. Na mgonjwa ajue tangu mwanzo: akitema damu au kifua kikimuuma, anaacha mazoezi na kwenda kituo cha afya, hangojei simu.