Land Rover ya zamani isiuzwe kama kahawa ya butura

Mkulima wa Kagera anaijua vizuri hasara ya butura. Kahawa ikiwa bado mtini, shida ya ada ya shule au matibabu ikibisha hodi, mnunuzi hufika na fedha taslimu na kupanga bei anayoitaka. Msimu ukifika, mwenye shamba huchuma kahawa ambayo si yake tena. Serikali na vyama vya ushirika vimepiga vita biashara hiyo kwa miaka mingi, na kila mtu anaelewa kwa nini.

Ipo butura nyingine ambayo haizungumzwi. Ni ile ya Land Rover za zamani zilizoegeshwa nyuma ya nyumba, chini ya miembe na katikati ya migomba, kuku wakitagia ndani. Mnunuzi hupita, hulizunguka gari mara moja, hutikisa kichwa na kusema kuwa hilo ni chuma chakavu tu. Mwenye mali, ambaye amelichoka, hupokea fedha kidogo na kushukuru kuwa uwanja umesafishwa.

Kwa senta kama Nkwenda, suala hili si la mzaha. Nkwenda ipo katika barabara ya Omurushaka kwenda Murongo, katika eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe na sasa ni Wilaya ya Kyerwa. Kabla ya lami ya Kyaka hadi Bugene, na kabla ya bodaboda kuenea, gari lililoweza kupanda vilima vya huku wakati wa masika lilikuwa na thamani ya pekee. Katika mikoa ya pembezoni kama Kagera, ofisi za serikali, parokia, shule na vyama vya ushirika vilitegemea Land Rover. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, magari ya raia na ya mashirika ya umma yalichukuliwa kubeba askari na shehena. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Karagwe na Ngara, mashirika ya misaada nayo yalikuja na magari ya aina hiyo. Historia hiyo yote imeacha magari nyuma yake.

Kwa nini chuma hicho kitafutwe leo? Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Iliyofuata kwa umaarufu katika Afrika Mashariki ni ile ndefu iitwayo 109, jina linalotokana na umbali wa inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mwaka 1983 ikaja 110, na mwaka 1990 familia hiyo ikapewa jina la Defender. Gari la mwisho la mtindo huo lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016. Gari jipya linaloitwa Defender leo ni gari jingine kabisa. Kwa maneno mengine, yale ya zamani hayaongezeki tena, yanapungua tu.

Kitu kinachopungua huku wanaokitaka wapo, bei yake hupanda. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilianza kununua Land Rover za kwanza kabisa, kuzifufua na kuziuza upya. Marekani, ambayo ina masharti magumu kwa magari ya kigeni, huyalegeza kwa gari lililofikisha miaka 25, na hivyo Defender nyingi za zamani zimepata soko huko. Hapa nyumbani, Oktoba 2024, Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililokusanya magari kutoka pande mbalimbali. Waliohudhuria waliona wenyewe kuwa gari la miaka 50 linaweza kung'aa kuliko lililoshuka bandarini jana.

Hata hivyo, habari hizo zisimlevye mtu. Mnunuzi wa Marekani hatakuja Nkwenda kukagua gari lililolala juu ya mawe. Kati ya uwanja wa mkulima na soko hilo kuna mafundi, madalali, wasafirishaji, ushuru na bahari. Soko la karibu zaidi ni fundi anayetafuta vipuri, mfanyabiashara anayetaka gari la kubebea ndizi na maharage, na watu wa Arusha na miji mingine wanaofufua magari kwa ajili ya utalii au kwa mapenzi tu. Huko ndiko bei ya kweli inakopatikana, na ndiko muuzaji anapopaswa kuulizia kabla ya kukubali neno la mpita njia.

Jambo la kwanza linalopanga bei ya gari la namna hii ni karatasi, si rangi wala injini. Gari lenye kadi halali inayolingana na namba ya chesisi ni gari. Lisilo na kadi ni vipuri. Tofauti ya bei kati ya viwili hivyo ni kubwa, na wanunuzi wajanja huitumia. Hununua kwa bei ya vipuri, kisha huulizia kadi kana kwamba ni karatasi isiyo na maana. Mwenye gari anayeitoa bure amegawa sehemu kubwa ya thamani ya mali yake.

Kadi iliyopotea si mwisho wa safari. Ipo njia ya kutoa taarifa polisi na kuomba nyingine Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Magari yaliyoegeshwa tangu enzi za namba za zamani zilizoanza na TZ yahakikiwe kwanza TRA kama kumbukumbu zake bado zipo. Kazi hiyo afadhali ifanywe na muuzaji kabla ya mnunuzi kufika. Kuhamisha umiliki nako kuna gharama zake, ukiwamo ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na pande zote mbili zinahitaji namba ya mlipakodi (TIN).

Tatizo kubwa zaidi vijijini ni gari la marehemu. Mzee amefariki, kadi ina jina lake, na mtoto mmoja aliyebaki nyumbani anapokea fedha kutoka kwa dalali. Mwaka mmoja baadaye ndugu walio mjini wanarudi na kuuliza gari la baba liko wapi. Kisheria anayeweza kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia isiyopitia hatua hiyo inajitafutia ugomvi, na mnunuzi naye anabaki na gari asiloweza kulisajili kwa jina lake. Amelipa, lakini hajanunua.

Jambo la pili ni chesisi. Bodi ya Land Rover ya zamani imetengenezwa kwa bati la alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza. Alumini haili kutu kama chuma, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Gari linaonekana zima kwa juu, kumbe chesisi ya chuma iliyo chini yake imeoza. Ukuta unaotenganisha injini na dereva nao ni wa chuma na huoza vivyo hivyo. Anayenunua alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Penye uzima hulia kwa sauti kali, penye kutu hutoa sauti nzito au nyundo huzama. Kwenye 109 namba ya chesisi hugongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Isugue, uisome, uilinganishe na kadi. Kama imekwanguliwa au imechomelewa upya, biashara iishie hapo. Vivyo hivyo kwa gari lenye namba za Uganda linalouzwa kwa bei ya kutupa karibu na Murongo bila nyaraka za forodha.

Injini haipaswi kumtisha mtu sana. Nyingi zimekwisha badilishwa na kuwekwa za dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu, na kwa gari la kazi hilo si kosa. Kosa ni kutosajili mabadiliko hayo, kwa sababu namba ya injini nayo imo kwenye kadi. Ikumbukwe pia kuwa anayekusanya magari ya kale hulipa zaidi kwa gari lenye injini yake ya awali. Kwa hiyo injini iliyong'olewa isiuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jambo la tatu ni hesabu. Chukulia mfano wa mfanyabiashara aliyenunua 109 kwa Sh6,000,000. Kulibeba hadi gereji Sh500,000, chesisi Sh1,500,000, injini Sh4,000,000, giaboksi na breki Sh1,200,000, matairi matano Sh1,750,000, rangi Sh800,000, umeme Sh400,000 na karatasi Sh250,000. Jumla ni Sh16,400,000. Akipata mteja wa Sh15,000,000 atashangiliwa senta nzima kwa kuuza gari ghali, lakini atakuwa amepoteza Sh1,400,000. Hiyo ni kabla ya kuhesabu miezi ambayo fedha zimelala gereji, na riba ikiwa zilikopwa Saccos. Bei hizi ni za mfano na kila mtu atajaza zake, lakini mpangilio ni huo huo. Anayefufua gari huanza na bei ya kuuzia, akatoa gharama zote na faida yake, ndipo anajua mwisho wa kununulia. Wengi huanza na bei ya kununulia kwa sababu inaonekana ndogo.

Mwaka 2024 bei ya robusta ilipanda sana katika soko la dunia, na fedha ya kahawa inapoonekana mikononi, vishawishi navyo huongezeka. Fedha hiyo ina kazi zake za kwanza: palizi, kung'oa mibuni iliyozeeka, matandazo, ada za watoto. Gari bovu lipate kinachobaki baada ya hapo, na liingiwe na mtu mwenye fundi anayemwamini na mteja anayemjua.

Vijana wa gereji wana nafasi yao pia. Fundi wa Nkwenda au Omurushaka anayejua kuunga chesisi vizuri na kutunza kumbukumbu za kila kazi kwa picha na stakabadhi anaweza kuuza ufundi, ambao hauhitaji mtaji wa kununua gari. Mnunuzi wa mbali huamini zaidi daftari la fundi kuliko maneno ya dalali.

Waliotangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla gari la mzee halijapakiwa kwenye lori na kuondoka, familia ikae chini, itafute kadi, isome namba ya chesisi na iulize bei kwa watu watatu tofauti. Kazi hiyo haigharimu zaidi ya siku chache na vocha ya simu. Baada ya hapo, wakiamua kuuza, watakuwa wameuza kwa kujua.