"UMETUMWA NA NANI?" SI JIBU



Juzi, katika mkutano wa tawi moja hapa Usagara, Tanga, mzee mmoja alisimama akauliza fedha za ada zimetumikaje. Hakupewa hesabu. Aliulizwa, "Wewe mzee, umetumwa na nani?" Watu wakapiga makofi, mzee akakaa kitako, na habari ya fedha ikaishia hapo.

Sisi twasema makofi yale yalikuwa ya aibu. Wazee wetu walipata uhuru kwa kuzifichua hila za namna hiyo, si kwa kuzishangilia.

Kumbukeni. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliweka katika Baraza la Kutunga Sheria, upande usio wa serikali, wajumbe 10 Waafrika, 10 Waasia na 10 Wazungu, ikauita mpango huo usawa. Neno tamu! Lakini kwa hesabu ya watu ya 1957 Waafrika walizidi milioni 8, na Wazungu walikuwa kama elfu 20 tu. Usawa wa nani na nani?

Tena wakaambiwa, "Wengi wenu hamjasoma, hamjawa tayari kujitawala." Na funguo za shule alikuwa nazo nani? Mtu akufungie mlango, kisha akulaumu kwa kukaa nje!

Januari 1958, huko Tabora, TANU yenyewe ilikaribia kupasuka kwa ajili ya kura tatu, sheria iliyomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususia. Ingekuwa rahisi kuitana vibaraka na kutawanyika. Lakini hoja iliwekwa mezani ikapimwa: tukisusia, viti vitachukuliwa na nani? Na UTP, chama kilichopendwa na Gavana. Basi wakashiriki kwa machungu, na katika uchaguzi wa 1958 na 1959 UTP ikaangushwa.

Kila mwanachama na ajizoeze kuuliza mambo matatu. Neno hili tamu lina nini ndani yake? Sababu iliyotolewa ni sababu kweli, au ni dai lile lile limegeuzwa nguo? Na hoja imejibiwa, au amepigwa aliyeileta?

Mzee wetu angali anangoja. Hata kama angekuwa ametumwa, shilingi ya ada ama ipo ama haipo. Viongozi wa tawi, leteni daftari.