Tuliambiwa tu Mahali pa Kutabasamu

Mwezi wa Julai, Kanja huamka ikiwa imejifunika ukungu. Mashamba ya michai hayaonekani vyema mpaka jua lipande, na watoto wa shule hupita barabarani wamejikunyata kwa baridi. Asubuhi moja ya namna hiyo nilifika katika shule moja ya upande huo wa Embu, kwa mwaliko wa rafiki yangu anayefundisha hapo, ili nitazame matayarisho ya Tamasha la Muziki. Shule yenyewe sitaitaja, kwa kuwa niliyoyaona hapo yangeweza kuonekana katika shule nyingi nchini, na mimi mwenyewe nimewahi kuyatenda.

Kabla ya adhuhuri niliketi nyuma ya darasa la gredi ya 7. Somo lilikuwa Elimu ya Jamii. Mwalimu aliandika ubaoni shughuli za kiuchumi za jamii za Kenya hapo kale: kilimo, ufugaji, uwindaji, biashara ya kubadilishana mali kwa mali. Wanafunzi walinakili kwa hati nzuri. Hakuna aliyeuliza swali, wala hakuna aliyeulizwa.

Saa kumi alasiri watoto wale wale walitoka uwanjani wakiwa wamegeuka watu wengine. Wasichana walivaa sketi za mkonge na shanga. Wavulana walijifunga vipande vya ngozi ya mbuzi, wakashika mikuki ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha. Ngoma zikalia, njuga zikaitikia, wimbo wa Kiembu ukapaa juu ya paa za madarasa. Walicheza vizuri ajabu. Mistari ilinyooka, miguu ikakanyaga kwa pamoja, na nyuso zote zikachanua kwa wakati mmoja kama zilizovutwa kwa uzi.

Walipopumzika nilimwita msichana aliyekuwa akiongoza wimbo, nikamwuliza, "Mwanangu, wimbo huu unasema nini?"

Alitazama chini, akajibu kwa adabu, "Sijui vizuri, mwalimu. Tuliambiwa tu mahali pa kutabasamu."

Kando ya jiko la shule alikuwa ameketi bibi mmoja mkongwe aliyeleta kuni. Alikuwa akicheka peke yake. Rafiki yangu akamsogelea na kumwuliza, "Cucu, mbona unacheka?" Bibi akaeleza kwa Kiembu, nami nikafasiriwa, kwamba wimbo ule aliuimba ujanani mwake, shambani, walipokuwa wakilimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Haukuwa na ngoma, kwa sababu mwenye kulima hana mkono wa kupigia ngoma. Mwendo wake ulikuwa wa polepole, kwani sauti huanguka pale jembe linapoanguka. Na ile mikuki? "Tulikuwa tunalima," alisema. "Tungemchoma nani?"

Watoto waliangua kicheko, wakamzunguka. Mmoja akataka kujua kama wasichana walilima pamoja na wavulana. Mwingine akauliza mwenye shamba aliwalisha nini wageni wake. Wa tatu akauliza mvivu alifanywaje. Kwa muda wa dakika kumi hivi nilishuhudia somo halisi la Elimu ya Jamii, lile ambalo asubuhi lilibaki ubaoni. Kisha mkufunzi aliyekodiwa kutoka mbali akapuliza kipenga, na kila mtoto akarudi mstarini na mkuki wake.

Nilimwuliza rafiki yangu kwa nini wasiuimbe kama bibi alivyoeleza. Alinijibu bila kuficha: "Tukiimba hivyo tutaachwa nyuma. Waamuzi wanataka uchangamfu, na mwalimu mkuu anataka kombe."

Simlaumu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikisimamia kwaya ya shule, niliwavika watoto ngozi na manyoya nikawafundisha wimbo wa harusi wa jamii ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyetoka kwayo. Niliunakili wimbo huo kutoka kwenye kanda, silabi kwa silabi. Tulipata cheti. Hadi leo sijui bibi harusi yule aliambiwa nini.

Ieleweke kwamba sisemi Tamasha la Muziki halina faida. Chimbuko lake ni mwaka 1927, enzi ambazo mtoto aliyesoma misheni alifundishwa kuiona ngoma ya babu yake kuwa kazi ya shetani. Kwamba leo mtoto wa Kanja anaweza kusimama mbele ya umati akaimba Kiembu na kushangiliwa, hilo ni jambo kubwa, na sifa zake ni za walimu waliojitolea bila malipo ya ziada. Ninachosema ni kwamba tumeirudisha ngoma shuleni kisha tukaiacha mlangoni mwa darasa. Asubuhi tunafundisha kilimo kisicho na wimbo. Alasiri tunafundisha wimbo wa kilimo usio na shamba. Mtoto ni yule yule, lakini hakuna anayemwambia kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Kuigiza maisha ya waliotangulia si jambo la Waafrika pekee. Huko Marekani kuna chama kilichoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966, ambacho wanachama wake huigiza maisha ya Ulaya ya kabla ya karne ya 17. Mkutano wao mkubwa kabisa, unaoitwa Pennsic War, ulianza mwaka 1972, na hufanyika Pennsylvania kati ya Julai na Agosti. Maelfu ya watu wazima huishi katika mahema, wakiwa wamevaa kama mashujaa na mafundi wa zama za kati. Mtu anaweza kuwacheka. Lakini mchana, mbali na mapigano yao ya mchezo, kambi hiyo hugeuka chuo: kuna mamia ya masomo juu ya kusokota nyuzi, kupika, kushona, kucheza dansi za kale na kupiga ala za wakati huo. Mtu huvaa joho, kisha huketi afundishwe lilivyoshonwa na ni nani aliyeruhusiwa kulivaa. Watu hao wanaigiza mambo ambayo hakuna shahidi wake aliye hai. Yote huyatafuta vitabuni. Sisi shahidi wetu alikuwa ameketi kando ya jiko, na tulimsikiliza kwa dakika kumi.

Wala tusidhani kwamba kuujua wimbo ni kuugandisha usibadilike. Wimbo wetu wa taifa ni ushahidi. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, lilitunga wimbo huo kwa kutumia lahani ya Wapokomo wa Mto Tana, ya kumbembelezea mtoto, waliyoipata kwa Meza Moroa Galana. Lahani ilibadilishwa, ikapewa maneno mapya na kazi mpya. Lakini waliobadilisha walijua walichokishika mkononi. Kubadilisha kwa kujua ni kutunga. Kubadilisha kwa kutojua ni kupoteza. Omondi huyo huyo baadaye aliongoza tume ya rais juu ya muziki, iliyotoa ripoti yake mwaka 1984. Basi jambo hili si geni, wala halikukosa wa kulifikiria.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba hakuna muda. Wenye kumbukumbu wanajua kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulitahiniwa pamoja na sanaa na ufundi. Ulipoondolewa katika mtihani wa KCPE, katika shule nyingi kipindi chake kikamezwa na Hisabati. Lakini udhuru huo sasa umepungua nguvu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, unaitambua sanaa, na katika sekondari ya juu umeifanya kuwa moja ya njia tatu za masomo. Isitoshe, siombi kipindi kipya. Naomba kipindi kilichopo cha Elimu ya Jamii na saa iliyopo ya mazoezi vikutanishwe.

La pili ni zito zaidi. Wazazi wengine watasema: je, mtawafundisha watoto wetu kila lililoimbwa zamani? Ziko nyimbo za jando, ziko nyimbo za kuwakeketa wasichana, jambo ambalo sheria ya mwaka 2011 inalipiga marufuku, na kwa haki kabisa. Hoja hii naiheshimu, lakini naona inanisaidia mimi. Mwalimu asiyejua maana ya wimbo ndiye anayeweza kumpandisha msichana jukwaani akaimbe sifa za kisu kile kile tunachomkinga nacho, huku akitabasamu mahali alipoambiwa. Anayejua ndiye anayeweza kuchagua. Atasema: huu tutauimba, huu tutaujadili darasani wala hatutaucheza, na huu tutauacha upumzike na waliouimba. Si kila cha kale ni dhahabu. Lakini hatuwezi kuchambua nafaka gizani.

Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji waraka kutoka Nairobi. Kwanza, kabla wimbo haujafanyiwa zoezi hata moja, wanafunzi wenyewe watumwe kwa wazee wao wakaulize: uliimbwa na nani, wapi, kwa kazi gani, na neno hili gumu maana yake ni nini. Majibu yaandikwe katika daftari moja litakalobaki shuleni. Pili, fungu la fedha anazolipwa mkufunzi wa kukodi litengwe kwa ajili ya mzee mmoja wa kijiji, aje mara tatu au nne kwa muhula, naye alipwe kama mwalimu, si kwa soda na mkate. Tatu, waamuzi wa matamasha wawaulize waimbaji swali moja tu jukwaani: wimbo wenu unasema nini? Siku swali hilo litakapokuwa na alama, walimu wakuu watakuwa wa kwanza kuwatafuta akina bibi.

Hapa Embu mfano tunao. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere, na matunda ya kazi hiyo yakachapishwa mwaka 1973 na 1974. Kwa vitabu hivyo mtoto wa leo anaweza kufuata historia ya watu wake hadi mwaka 1906, Waingereza walipoivamia Embu. Hapo ndipo mahali pa ule mkuki wa mbao: una somo lake, la ulinzi na la kushindwa, na mvulana anayeushika anastahili kulijua. Lau Mwaniki angengoja hadi wazee wale waondoke, angeandika nini?

Nilipoondoka Kanja jioni ile ukungu ulikuwa umerudi. Bibi alikwisha kwenda zake, na uwanjani wimbo ulikuwa ukiimbwa kwa mara ya mwisho, kwa kasi, ngoma na mikuki ikiwa pale pale. Lakini nilipomtazama yule msichana kiongozi niliona jambo dogo. Kila ubeti ulipokaribia mwisho, mikono yake ilishuka kidogo kabla ya wenzake, taratibu, kama mtu aliyeshika mpini. Mkufunzi akamkemea kwa kuchelewa.

Hakuwa amechelewa. Walimu wenzangu, mtoto yule alikuwa anaanza kulima.