Kuoza Nako Kuna Kipimo

Wapo wenzetu wanaodhani kuwa elimu ya uozo haimhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Sikubaliani nao. Huko Pennsylvania, Marekani, maji yenye asidi yatokayo katika migodi mikongwe ya makaa ya mawe hupitishwa katika mabwawa yenye tabaka la mboji iliyokwisha kukuzia uyoga, juu ya mawe ya chokaa. Mboji ioapo pasipo hewa, bakteria hupata chakula, wakageuza salfati kuwa salfaidi inayonasa metali. Chakula kikiisha, mto huangamia. Ndiyo maana watafiti huzika vifuko vya wavu vyenye majani makavu yaliyopimwa, wakavifukua baada ya miezi na kupima upya kilichosalia. Hata hivyo, uzani pekee hudanganya: kilicho laini huliwa kwanza, lignini ngumu ikabaki. Bwawa huonekana limeshiba ilhali bakteria wana njaa.

Je, hatua hizi tutaziita zote kuoza? Kiswahili kina kuchacha, kuvunda na kuoza. Tusipoyapambanua maneno haya sasa, mwanasayansi wetu atapima asichoweza kukitaja. Wanaisimu, kazi ni yetu.